Kitabu cha Bakhita Kinachofuliwa

Kitabu pekee ambacho Kevina amewahi kukitengeneza kina kurasa kumi na nne, uzito wa kuku wa kienyeji, na maagizo ambayo vitabu vingine havina: kifuliwe kwa maji baridi, kianikwe kivulini, kipigwe pasi kwa upande wa nyuma. Ni kitabu cha kitambaa. Kila picha na kila herufi imetiwa kwa sindano, na kazi yote ilichukua miezi minne, muda ambao watu waliosoma sana huutumia kuandika dibaji.

Kevina ni Mganda wa Masaka. Ni fundi cherehani, na cherehani yake inakaa chini ya mwavuli katika soko la Konyo Konyo, kati ya muuza dagaa na mtengeneza redio, kwa hiyo sare zote za shule anazoshona hutoka na harufu ya dagaa, na habari za dunia anazo zote. Alikuja Juba kwa miezi sita, mwaka ule nchi ilipopata uhuru, akawaacha binti zake mapacha kwa bibi yao. Miezi sita hiyo haijaisha. Mara mbili alikimbia vita na mara mbili akarudi. Mara ya pili alikuta mwavuli umeibiwa na cherehani ipo, jambo ambalo mpaka leo hana maelezo yake.

Wanunuzi wanamwita Uganda. "Uganda, hii zipu yako inaachia." "Uganda, fupisha hapa." Waganda wenzake wanamwita Nalongo, yaani mama wa mapacha, ambacho ni cheo na si jina, ingawa majirani wa mtaa wa Juba Na Bari wanaamini ndilo jina lake la ubatizo, na mmoja alishamuuliza sikukuu ya Mtakatifu Nalongo ni lini. Kevina limebaki kwenye kitambulisho.

Kazi ya sindano ya mkono alifundishwa na Achok, mjane wa Kidinka anayeuza chai mkabala na mwavuli wake. Achok anatarizi milaya, yale mashuka meupe ambayo wanawake wa huku huyajaza maua na tausi, wakayatandika wageni wanapokuja na kuyakunja mara tu wageni wanapopiga kona. Kwa Achok maisha yote yanaweza kuelezwa kwa maua na tausi. Kwa maoni ya wengi hajakosea sana.

Mwalimu Nyamal alifika chini ya mwavuli mwezi wa Oktoba, simu mkononi. Nyamal alilelewa Nakuru, akarudi kwao akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye mji aliokuwa hajawahi kuuona, na Kiswahili kinachowafanya wazee wakohoe. Anafundisha watoto wadogo katika darasa la parokia, upande wa Sherikat.

"Mama, niaje. Nataka kitabu."

"Kitabu si wanauza pale barabarani?"

"Cha nguo. Vya karatasi vimenichosha. Nusu inanyeshewa, nusu inaliwa na mchwa, na ile nusu inabaki watoto wanaitafuna."

"Nusu tatu," alisema Achok kutoka kwenye birika zake. "Walimu wa Kenya."

Nyamal alicheka, akakaa juu ya ndoo ya dagaa bila kuomba ruhusa. Alitaka kitabu cha maisha ya Bakhita, mtakatifu aliyezaliwa Darfur, ili watoto wakibebe kanisani siku ya sikukuu yake, tarehe nane Februari, kisha wakae nacho darasani. Kiwe kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya watoto wake ni wa Waganda wa sokoni na nusu ni wa waliorudi kutoka Kenya. Kevina aliafiki kwa sababu nyingine: Kiingereza kina herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa, na kila herufi moja ni robo saa ya sindano.

"Lakini lazima mzee Fortunato akipitishe," Nyamal akaongeza.

Hilo lilieleweka. Fortunato alikuwa katekista mkuu, na hakuna kitu chenye maneno kilichowahi kuingia katika darasa la watoto bila kupita mikononi mwake, ikiwa ni pamoja na kalenda.

Basi Nyamal akaanza kuyasoma maisha ya Bakhita kutoka kwenye simu, huku cherehani ikitwanga kola za sare. Alisoma jinsi mtoto alivyoibiwa akiwa na miaka saba au minane, jinsi alivyotembezwa kwa miguu hadi El Obeid, akauzwa na kuuzwa tena. Jinsi balozi mdogo wa Italia alivyomnunua Khartoum, akafika Italia, mahakama ikasema ni mtu huru, akawa mtawa, mpishi, mtarizi na bawabu wa nyumba ya watawa mpaka uzeeni.

"Mtarizi?" aliuliza Achok, akaacha kikombe.

"Imeandikwa hivyo."

"Kwes, vizuri. Endelea."

"Hao wezi ndio walimpa jina. Bakhita ni bahati, mwenye bahati. Jina lake la kwanza, lile la nyumbani, alilisahau. Kwa ile hofu. Hakulikumbuka tena mpaka akafa."

Cherehani ikasimama. Cherehani ya Kevina haisimami kwa mambo madogo; ilishashona wakati wa milio ya risasi.

"Alisahau jina yake? Yake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Kevina aliitazama ile kola iliyokuwa chini ya sindano kama vile kosa limetoka humo. "Na kwao walikuwa wangapi?"

Nyamal akapandisha maneno kwa kidole gumba. "Wengi. Kaka, dada... Ooh, anasema alikuwa na pacha. Msichana."

"Eee! Si ungesema!" Kevina alipiga paja, uso ukamfunguka. "Wewe mwalimu unatutisha bure. Yeye iko pacha? Basi jina iko."

Ili kumwelewa lazima ujue kwamba Buganda pacha hapewi jina; anazaliwa nalo, kama anavyozaliwa na vidole. Wa kike anayetangulia ni Babirye, anayefuata ni Nakato. Baba, padri na serikali wanaarifiwa tu. Jina la namna hiyo haliwezi kupotea hata mwenyewe akilisahau, kama vile mtu hapotezi kuwa wa pili kwa sababu hajui kuhesabu. Kwamba Darfur si Buganda, Kevina alijua, ila alilichukulia kama suala la umbali.

Kazi ikaanza. Nyamal aliandika, Kevina akatia herufi, Achok akatia picha. Maneno ya kwanza ya Nyamal yalianza na "Hapo zamani za kale, katika nchi nzuri yenye milima na mabonde."

"Mwalimu," Kevina alisema baada ya kuhesabu kwa vidole, "hii 'hapo zamani za kale' peke yake inakula siku moja. Weka 'zamani'."

"Na milima?"

"Milima Achok atachora. Picha haina herufi."

Kwa njia hiyo mwalimu aliyesomea uandishi wa insha alijifunza kuandika. Ukurasa wa tano ulikuwa na maneno thelathini na sita ulipofika kwa Kevina, ulitoka na manne: "Wakamuuza. Wakamuuza tena. Akalia."

Achok naye alikuwa na matatizo yake. Ngamia alikuwa hajamchora maishani, ng'ombe alikuwa hajaacha kumchora, na ngamia wake akatoka ng'ombe mwenye maringo, na pembe.

"Achok, ngamia haina pembe."

"Nimeona imekaa uchi sana."

Pembe zikafunguliwa. Meli ya kwenda Italia ilifanana na majahazi ya chuma yanayopakia mahindi kwenye bandari ya Juba, Italia ikafanana na benki moja ya mjini, na juu ya paa la nyumba ya watawa kulitua tausi ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Ni ukurasa wa sita tu ambao haukuwa na mzaha, pale Bakhita alipochanjwa mwili mzima kwa wembe na majeraha kutiwa chumvi. Achok alikataa kuchora mtu. Alitia mishono midogo mingi ya uzi mwekundu kwenye kitambaa kitupu, moja moja, siku nzima. Siku hiyo chai yake haikuwa na sukari na hakuna aliyelalamika.

Ukurasa wa kwanza Kevina aliuweka mwisho, kwa sababu ya jambo moja lililokuwa halijaamuliwa: Bakhita alikuwa Babirye au Nakato? Alipiga simu Masaka. Binti zake walikuwa pamoja, simu moja, masikio mawili.

"Maama, ni Babirye," alisema Babirye, ambaye ni muuguzi na amezoea kutoa majibu. "Mtakatifu ni mtu mkubwa."

"Aliyeibiwa ni mdogo," alisema Nakato. "Mkubwa alikuwa wapi siku hiyo? Alikuwa amelala, kama kawaida."

"Nani analala?"

"Maama, msikilize, ameamka sasa hivi."

Kevina aliwaacha wagombane, akakata shauri. Wa kuibiwa huwa ni yule anayefuata nyuma. Akachukua uzi mwekundu, akaukunja mara mbili, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, juu ya picha ya wasichana wawili wanaofanana hata kwa ushanga, akatia herufi sita, kila moja urefu wa kidole: NAKATO. Ilimchukua siku mbili. Hakuna ukurasa alioupenda kama huo.

Nyamal alipouona aliangalia kwenye simu. "Mama. Hii hatukuandika."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika."

"Lakini hata kwetu pacha wana majina," Achok akaingilia. "Ngor wa bodaboda si unamjua? Ngor ni jina ya pacha. Kwetu pia jina iko. Ila si hii yenu."

"Wewe ulishachora meli ya mahindi, niachie hii moja."

"Sawa," alisema Achok, akimimina chai. "Lakini Fortunato haishoni, yeye anasoma."

Fortunato alikuja sokoni katikati ya Januari, kwa miguu, miwani imefungwa kwa kamba. Macho yalikuwa yamemchoka. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, la kulia lilikuwa linafikiria. Kiswahili chake alikipata kambini Uganda, kutoka katika kitabu cha katekisimu, maswali na majibu, kwa hiyo hata akiagiza chai huonekana anapima imani.

"Je, chai ipo?"

"Ipo, mzee," alijibu Achok.

"Je, ina tangawizi?"

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakiweka magotini, akakipitia kurasa zote, pua ikikaribia kitambaa. Ngamia alimtazama kwa muda mrefu, akamsamehe. Tausi akapita. Ukurasa wa sita aliuwekea mkono. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Herufi zile hata jicho la kushoto lilizisoma.

"Ni nani aliyempa mtakatifu jina hili?"

"Hakuna mtu alimpa, baba," alisema Kevina. "Pacha anakuja nayo."

"Je, imeandikwa wapi?"

"Haiandikwi. Inajulikana."

"Mwenyewe alisema hakulikumbuka. Sisi tukilikumbuka, tutakuwa tunamjua kuliko alivyojijua."

Yalikuwa maneno mazuri na Kevina alijua ni mazuri, ndiyo maana yakamkera. "Baba, wale watu walimwiba kwa mama yake, halafu wakamwita Mwenye Bahati. Mwizi huyo! Na hiyo nyinyi mnaandika. Ya mwizi inaandikwa kila ukurasa, ya mama hapana?"

Fortunato aliinua kikombe chake cha chai.

"Mimi hapa mnaniita Uganda. Miaka yote hii. Siku nikikufa mtaandika Uganda kwa msalaba?"

"Tutaandika Nalongo," alisema Achok, kwa nia njema kabisa.

"Hiyo nayo si jina!"

Muuza dagaa alicheka. Kevina hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, Nyamal aliona kwamba kitabu chote, ngamia, meli na mahakama, kwa Kevina kilikuwa ni mkia tu wa ule ukurasa wa kwanza.

Mzee alimaliza chai yake. "Mama Kevina," alisema, na hilo lilimshtua, kwa kuwa sokoni hakuna anayelitumia, "fungua uzi huo. Hapo chini andika: Jina lake la kwanza halijulikani. Nikija tena nikalikuta jina hilo la juu, kitabu hakitaingia." Akainuka, akashukuru kwa chai, akaondoka na fimbo yake.

Achok alisema mafi mushkila, hakuna shida, wafanye alivyosema mzee, kitabu ni kizuri hata hivyo. Nyamal alihesabu siku zilizobaki. Alikuwa na watoto arobaini waliokwisha ambiwa. Kevina alichukua wembe, akaanza kufungua. Herufi sita zilizochukua siku mbili kuingia zilichukua dakika kumi kutoka. Alivuta nyuzi moja moja, akazifinyanga kuwa kidonge chekundu, akakitia mfukoni mwa aproni.

Lakini uzi ulikuwa wa kukunjwa mara mbili, sindano ilikuwa nene, na kitambaa hakina msamaha. Alipoinua ukurasa ili aukunje, jua la saa sita lilipita kwenye matundu. Nyamal alishika mdomo.

"Mama. Sasa inasomeka zaidi. Inawaka kama taa."

Walisimama wote watatu wakautazama. N, A, K, A, T, O, kwa nukta za mwanga. Kitambaa kingine cha aina ile kilikuwa hakipatikani tena sokoni, na hata kingepatikana, wale wasichana wawili walikuwa kazi ya wiki tatu.

"Ikifuliwa matundu yatapanuka," alisema Kevina taratibu. Alikuwa anaongea kifundi, bila hisia yoyote. "Nguo itachanika hapo. Lazima kufunga."

"Kufunga na nini?" aliuliza Nyamal.

"Na uzi."

"Uzi gani?"

Kevina alimtazama kama mtu anavyomtazama mwalimu. "Nguo iko nyeupe, Nyamal. Nguo nyeupe unafunga na uzi gani?"

Achok aligeukia birika zake na kuzisogeza huku na huku, ingawa zilikuwa zimekaa vizuri.

Ufungaji wa matundu ulichukua siku tatu, moja zaidi ya herufi zenyewe, kwa sababu Kevina alifunga kila tundu kwa mshono wa mnyororo, ule unaovimba kidogo juu ya kitambaa, akifuata njia ile ile sindano ilikopita kwanza, kama fundi yeyote anayejali kitambaa. Chini akatia kwa uzi mweusi: Jina lake la kwanza halijulikani. Kwa macho ukurasa ulikuwa umetii kabisa. Ulikuwa na picha, ulikuwa na sentensi, na juu yake palikuwa na weupe.

Fortunato alisema angepita sokoni kabla ya sikukuu. Hakupita, alikuwa anazika watu na kufundisha wachumba. Kwa hiyo kitabu kilikaguliwa asubuhi ya tarehe nane Februari, mlangoni mwa kanisa, watoto wamekwisha pangwa kwa soksi nyeupe, kwaya inakohoa ndani, na Kevina amesimama pembeni ndani ya gomesi yake ya sikukuu, mikono haijui iende wapi.

"Je, mmerekebisha?"

"Tumerekebisha, mzee," alisema Nyamal, kwa sauti ya mtu aliyelelewa Nakuru akajifunza huko kutosema zaidi ya alichoulizwa.

Mzee alikileta kitabu karibu na pua. Alisoma sentensi nyeusi, midomo ikisogea. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa macho yake hayakuwa yakimtosha na yeye ni mtu wa kukagua mpaka mwisho, akaweka kidole gumba juu ya kitambaa, juu kabisa ya wasichana wawili, akakipitisha kutoka kushoto kwenda kulia. Kidole kilifika katikati kikasimama.

"Hapa pana nini?"

"Matundu ya sindano, baba," alisema Kevina. "Ulisema nifungue, nikafungua. Halafu nikafunga."

Ndani, mpiga ngoma alijaribu ngoma yake mara mbili. Mtoto mmoja alitangaza kwamba anataka kukojoa. Fortunato hakugeuka. Kidole kilirudi mwanzo, kikaanza upya, polepole, kikipanda na kushuka, kikizunguka pale palipo na duara, mpaka mwisho wa mstari. Kevina alikifuata kile kidole kwa macho kama mtu anayesubiri hukumu, na kweli alikuwa anaisubiri.

"Umefunga vizuri," alisema mzee. "Hakuna tundu uliloliacha."

Akakifunika kitabu, akampa Nyamal. "Kiingie."

Watoto wanne wakakishika, kila mmoja pembe yake, wakaingia wakikiyumbisha kama wanaobeba mgonjwa, na kwaya ikaanza kabla ya wakati kama inavyofanya siku zote. Achok akapita nao, kitambaa kipya kichwani, akimwambia kila aliyekaa karibu na njia kwamba tausi ni wake. Mlangoni wakabaki wawili. Fortunato alikuwa anatafuta fimbo yake, ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Mama Kevina."

"Baba."

"Nakato. Je, huyo ni yule anayetangulia, au ni yule anayefuata?"

"Anayefuata, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama anavyofanya anapopewa jibu lililo sahihi, akaingia.